Masaa Kumi na Tano Mpaka Kwako

3 Machi 1986

Kiroboto wangu,

Huku sote wazima isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi lina maamuzi yake. Kaka yako amepata mtoto wa tatu, wa kike, mwenye mapafu ya dalali wa mnada. Wifi yako anakusalimu na anasema kwenye ile picha umekonda. Nimemwambia hujakonda, ni koti ndilo lililonenepa. Kiwandani tumeletewa madaftari mia tatu ya mahakama tuyajalidi upya, na gundi imeniganda vidoleni kiasi kwamba juzi nilimpa msimamizi mkono wa salamu tukachelewa kuachana.

Sasa nina swali, na ni swali tu, usilipe miguu. Huko uliko ni mbali kiasi gani?

Miaka sita watu wananiuliza, "Yule mtoto uliyemlea yuko wapi?" nami nasema, "Mbali," utadhani najua ninachosema. Wiki iliyopita alikuja mteja mmoja na atlasi yake iliyochanika mgongo. Ni mpimaji wa ardhi, amestaafu, mtu wa kofia. Akauliza kama nina jamaa ng'ambo, nikakutaja. Kesho yake akarudi amebeba tufe la dunia kwapani kama tikiti maji, akaomba uzi wangu wa kushonea vitabu, akaunyoosha kutoka kwangu mpaka kwako. Akasema ni kilomita elfu tisa, mia moja na arobaini.

Nikamwambia, "Haiwezekani. Barua zake zinafika bado zina harufu ya sabuni yake."

Akasema, "Mama, mimi napima ardhi tu. Sabuni sijaisomea."

Ndege inachukua muda gani kufika huko? Nauliza tu. Mimi na ndege unatujua: hata ngazi nikifika ya tatu nashika ukuta.

Shangazi yako

*

24 Machi 1986

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ni ya goti. Mwambie kaka nimefurahi mno, na mwambie wifi nimekula nikashiba ndipo nikaisoma salamu yake.

Kazi inakwenda. Mwezi huu nimetengeneza meno ya bandia seti ishirini na nane. Mzee mmoja alivaa ya kwake, akacheka mbele ya kioo, akaanza kunisimulia vichekesho ambavyo anasema alikuwa amevihifadhi tangu jino la mwisho lilipotoka. Ila lifti ya hospitali imekufa tena. Nilikwama ndani dakika arobaini na taya tatu mkononi, mpaka fundi wa lifti akaja kunitoa. Ni mtu mcheshi, alisema hajawahi kuokoa watu wanne kwa mpigo na watatu wao wakawa ni meno.

Haya, jibu lako. Nimepita ofisi ya ndege nikachukua ratiba. Ndege ni mbili kwa wiki, Ijumaa na Jumapili. Ya Ijumaa inaondoka huko saa mbili asubuhi. Inaruka masaa sita, inashuka mji wa katikati, mnakaa uwanjani masaa manne, mnapanda nyingine masaa matano. Jumla kumi na tano. Lakini saa za huku ziko nyuma ya zenu kwa masaa sita, kwa hiyo unafika saa kumi na moja jioni ya siku ileile, jua bado lipo.

Kwa nini unauliza?

Kiroboto

*

14 Aprili 1986

Kiroboto,

Nauliza kwa sababu nina mdomo.

Mtoto wa kaka yako sasa anapiga kelele na kutema mate kwa wakati mmoja, tunaona ana kipaji. Madaftari ya mahakama yamebaki tisini. Ningekupigia simu tuyamalize haya, lakini ile ya kiwandani msimamizi ameifunga kufuli na ufunguo anatembea nao shingoni.

Jambo lako la masaa sita limeninyima raha. Naondoka asubuhi, nasafiri masaa kumi na tano, nafika jioni. Masaa sita yamekwenda wapi? Kama nayapata bure, nitafanya nini nayo? Nilimuuliza mpimaji. Alikuwa amekuja kupima upya, maana alishuku kwamba mara ya kwanza uzi haukukazwa vizuri. Akanieleza kwa chungwa na taa ya mezani. Sikuelewa hata punje, lakini anaeleza vizuri sana. Akasema atarudi Jumamosi na chungwa kubwa zaidi.

Hiyo lifti yenu, mbona inakufa kila wiki? Kwenye barua ya Januari ilikufa. Ya Februari ilikufa. Hospitali nzima haiwezi kupata fundi mwingine anayejua kazi?

Shangazi yako

*

5 Mei 1986

Shangazi mpenzi,

Fundi anajua kazi sana. Ni lifti ya zamani tu. Tusiizungumze lifti.

Tuzungumze dunia. Imepimwa Machi, imepimwa Aprili, na wifi ameniandikia kwamba imepimwa tena Jumamosi mbili mfululizo na kwamba siku hizo unavaa gauni la bluu. Hiyo dunia inakua?

Nina afya njema. Nimehamia ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha linaloangalia uwanja wa baiskeli. Mlango una kasoro: lazima uusukume juu kidogo ndipo kitasa kikubali. Nimepanda nyanya kwenye makopo dirishani na zimeniheshimu.

Eti mwezi wa Agosti utakuwepo nyumbani? Nauliza tu.

Kiroboto

*

26 Mei 1986

Kiroboto,

Gauni la bluu ni la siku zote. Wifi yako mwambie aangalie mtoto wake.

Agosti nitakuwepo, nitakwenda wapi na goti hili? Nitakuwepo asubuhi, mchana na jioni. Na wewe? Agosti huna safari, huna mambo? Maana likizo unalimbikiza tangu mwaka juzi. Nauliza tu, kama ulivyouliza wewe.

Tumemaliza madaftari. Kiwanda kimetupa mapumziko marefu, sijui nitayafanyia nini. Pengine nitalala.

Siwezi kuandika zaidi, nina miadi ya kupigwa picha ndogo za kichwa. Za kitambulisho tu.

Shangazi yako

*

16 Juni 1986

Shangazi mpenzi,

Agosti nipo hapahapa, kazi imenikaba, nina taya mpaka shingoni. Likizo nimeisahau kabisa. Lala vizuri.

Wako akupendaye, ambaye hana safari yoyote,

Kiroboto

*

9 Agosti 1986

Kiroboto, muongo mkubwa wewe,

Nakuandikia nikiwa mezani kwako, nyanya zako zikinitazama.

Ngoja nianze mwanzo, maana bado nacheka. Jana nilipanda ndege. Mimi! Ilipoinuka nilimshika mkono abiria wa pembeni, mwanamume mzima mwenye tai, nikamwachia tulipofika mawinguni. Akasema asante, na yeye alikuwa anaogopa. Mji wa katikati nilikaa masaa yangu manne wima kama mshumaa, mkoba mapajani. Kisha matano mengine, na kweli nimefika jua lipo. Yale masaa sita ya bure nimeyahesabu yote. Yapo.

Nilikuwa nimejipangia. Nitabisha, utafungua, utapiga kelele, nitasema, "Nilikuwa napita tu." Nikabisha. Mlango ukasukumwa juu kidogo, akatokea mwanamume mrefu amevaa aproni yako ya maua, mkononi kopo la kumwagilia.

Nikasema, "Samahani, nimekosea mlango."

Akasema, "Unamtafuta nani, mama?"

Nikakutaja.

"Hayupo. Nimetoka kumpeleka uwanja wa ndege leo asubuhi. Amekwenda kumshtukiza shangazi yake."

"Shangazi yake ni mimi."

Maji yote ya kwenye kopo yakamwagikia viatu vyangu. Tukatazamana. Alinitolea macho kama mjusi aliyebanwa mlangoni, nami bila shaka nilikuwa hivyohivyo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, "Mimi ndiye fundi wa lifti."

Nilicheka mpaka nikakaa chini pale kwenye ngazi. Jirani alitoka kuuliza kama kuna msiba.

Tumepiga hesabu mimi na yeye kwa penseli nyuma ya bahasha. Mimi niliondoka mji wa katikati masaa mawili kabla hujafika wewe. Kwa hiyo, mwanangu, jana mahali fulani juu ya mawingu, wewe unakuja mimi nakwenda, tulipishana. Sijui kama ulihisi kitu. Mimi wakati huo nilikuwa nakula biskuti.

Baada ya kicheko nilimkalisha kitini nikamhoji kama mahakama. Lifti ilikufa mara ngapi? Akakiri: ilikufa mara mbili tu, ile ya Januari na ile ya taya tatu. Nyingine zote alikuja "kuikagua." Anakaa kwa dada yake mtaa wa pili, ufunguo ulimpa wewe kwa ajili ya nyanya. Nikamuuliza mbona hukuniandikia wazi. Hapo akaanza kukunja aproni. Akasema, "Anaogopa. Anasema akikwambia anaolewa huku, utajua kwamba harudi tena, na wewe ndiye uliyembeba."

Hilo sikulicheka. Nilikwenda dirishani nikaangalia baiskeli zako kwa muda.

Tiketi yangu hairuhusu kurudi kabla ya wiki tano. Kaa huko. Kula. Kwenye kabati la jikoni rafu ya juu kuna asali. Na akija mtu wa kofia, mwambie… Basi, yeye mwenyewe atakwambia.

Shangazi yako

*

9 Agosti 1986

Shangazi,

Nimekaa kwenye kitanda chako, sijui nicheke au nilie, kwa hiyo nafanya vyote.

Nilifika leo saa kumi na mbili asubuhi. Nilivua viatu kwenye kona ya mtaa ili usisikie hatua zangu. Nilikuja kwa vidole, miaka thelathini na moja mimi, masanduku mawili, soksi zimelowa umande. Kibarazani nikakuta mzee wa kofia amekaa kwenye kiti chako, tufe la dunia mapajani, anasoma gazeti. Nikamsalimia. Akasimama, akavua kofia.

"Wewe ndiye Kiroboto," akasema.

"Ndimi. Shangazi amelala?"

Akatazama saa yake, akatazama tufe, akaligeuza taratibu na kuweka kidole. "Kwa sasa hivi," akasema, "atakuwa kwako. Kama mlango wako umemkubali."

Shangazi, niliangusha sanduku kwenye mguu wake. Hakulia. Alisema kwamba katika kazi yake ameangukiwa na vitu vyenye pembe kali zaidi.

Amenipikia mayai. Anasema alikuahidi kuja kila asubuhi kuangalia nyumba na kuondoka mchana, na leo kila alipoingia ndani alisimama kwanza mbele ya picha ya marehemu mjomba ukutani, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayemwomba ruhusa. Nikamuuliza, "Mzee, hiyo dunia umeipima mara ngapi?"

Akasema, "Mara kumi na moja. Na kila mara inatoka ileile."

"Kwa nini shangazi hakunieleza?"

"Anaogopa utaona amemsahau mumewe, mjomba wako. Anasema wewe ndiye uliyelia kuliko wote siku ya mazishi, na hataki kukuliza tena."

Kisha akaenda kumwagilia maua ambayo yalikuwa yamelowa tayari.

Shangazi, mimi nilimlilia mjomba kwa sababu alikuwa ananipigia mluzi kila ninaporudi shule. Hakunituma nikulinde usicheke. Tungekuwa tunaongea uso kwa uso ningekwambia hivyo kwa sauti kubwa. Nilikuandalia maneno kwenye ndege masaa kumi na moja, na wewe hupo! Nimewaambia kuta.

Tiketi yangu ni ya wiki tano. Mpimaji ameshika ratiba na penseli. Anasema ana wazo, na anataka kwenda posta kutuma telegramu.

Kiroboto

*

TELEGRAMU, 12 Agosti 1986

USIRUDI IJUMAA TUTAPISHANA TENA STOP PANDA JUMAPILI TAREHE 14 SEPTEMBA STOP NDEGE ZETU ZINAFIKA MJI WA KATIKATI SAA MOJA STOP TUNA MASAA MANNE STOP KIROBOTO

TELEGRAMU, 13 Agosti 1986

NIMEELEWA STOP FUNDI WAKO ANAPIKA VIBAYA LAKINI ANAOSHA VYOMBO STOP SHANGAZI

*

22 Septemba 1986

Kiroboto wangu,

Nimerudi juzi, mzima kabisa. Goti limevimba ila limeniomba radhi. Mtoto wa kaka yako ameota jino moja na ametuuma sote kwa zamu. Msimamizi amenikuta kazini leo asubuhi, wiki nzima baada ya siku niliyotakiwa kurudi, akauliza kulikoni. Nikamwambia nilikosa ndege nikiwa uwanjani. Akasema, "Mtu anakosaje ndege akiwa ameshakaa uwanjani?" Jibu la swali hilo nakupa wewe, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kwanza nikusimulie tena, ingawa ulikuwepo, maana nataka kuiandika nisije nikaisahau.

Nilikaa kwenye vile viti vya plastiki vya rangi ya machungwa. Watu walikuwa wanatoka mlangoni kwa makundi, kila mwenye koti la kijani kama lile la kwenye picha yako moyo unaniruka. Kisha nikasikia kelele kabla sijakuona. Ulikuja mbio kwenye ile sakafu iliyopigwa deki, ukateleza hatua tatu nzima, ukanifikia kwa magoti. Mlinzi alikuja kuuliza kuna nini. Nusu saa ya kwanza hatukusema neno la maana: "Wewe!" "Wewe mwenyewe!" "Hebu nikuone!" "Umefanana na picha!" Mlinzi alitusikiliza, akaenda akatuletea viti tusivyohitaji.

Kisha tukasema yale. Mimi nilianza, kwa sababu ndimi mkubwa. Nilikwambia: olewa. Miaka sita nilikuwa nasema uko mbali, nikikufikiria hewani tu, huna ukuta wala dari. Sasa naijua meza yako, najua kitasa kinasukumwa juu kidogo, najua jirani anayedhani kicheko ni msiba. Una mahali. Kuolewa kwako huko hakukuondoi kwangu hata kilomita moja, zinabaki zilezile elfu tisa, mia moja na arobaini, na sasa nimezipita mwenyewe kwa matako yangu.

Nawe ukanishika mikono hii yenye gundi ukaniambia kuhusu mjomba wako. Ukasema angekuwepo angekuwa wa kwanza kumkagua mpimaji viatu, na viatu vingepita. Nililia kidogo. Ukasema usilie, nikasema silii, ni hewa ya ndege.

Basi. Sasa nakiri.

Unakumbuka ulipoanza kuangalia saa ya ukutani, nikakuanzishia ile hadithi ya jinsi ulivyopata jina la Kiroboto, ulivyoruka kutoka kwenye kabati la nguo ukatua mgongoni kwa daktari? Unakumbuka nilivyoisimulia kwa sauti ya juu, nikisimama na kuigiza, mpaka familia nzima ya viti vya nyuma ikageuka kusikiliza? Nilisikia kipaza sauti. Kilitaja jina lako mara ya kwanza, nikapandisha sauti. Kikataja jina langu, nikaanza kuruka na goti hili. Nilijua kabisa wanatuita. Nilijua ndege ya kwako iko mlango wa sita na ya kwangu mlango wa tisa, nilikuwa nimeshaziangalia. Tulipofika dirishani tukaona mikia ya ndege zetu inatokomea, yako huku na yangu kule, nikajipiga kofi la paji la uso nikasema, "Jamani! Hatukusikia!" Ilikuwa ni uongo mtupu. Nilikusababishia kukosa kazi siku tano, na bosi wako bila shaka amekusema.

Lakini Kiroboto, zile siku tano! Chumba kile kimoja chenye vitanda vinavyolia ukigeuka. Kununua miavuli miwili siku ambayo haikunyesha hata tone. Kupotea kwenye mtaa uleule mara tatu na kila mara muuza magazeti kutusalimu kama wageni wapya. Wewe kunisuka. Sijacheka vile tangu nizaliwe, na nilizaliwa zamani. Masaa manne hayakutosha, mwanangu. Nani aliyepanga masaa manne?

Nisamehe. Mpimaji ananisalimia hapa pembeni. Anapima ua kwa ajili ya viti vya harusi yetu ya Desemba na anataka kujua mtakuwa wangapi kutoka upande wako. Nimemwambia wawili. Nimekosea?

Shangazi yako

*

13 Oktoba 1986

Shangazi wangu,

Wawili. Hujakosea. Fundi amekwisha nunua suti. Mikono ya koti ni mirefu, anaonekana kama amekopeshwa na kaka yake.

Hapa tuko salama. Bosi alinisema kwa robo saa, kisha akaniuliza, "Shangazi mwenyewe yukoje?" Nikamsimulia, naye akachelewa mkutano. Lifti inakwenda vizuri mno, hata watu wameanza kulalamika kwamba fundi hawamwoni tena kwenye ghorofa yetu ya tatu asubuhi. Sasa anakuja mchana, kwa mlango, kama watu wengine.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, nikaisoma tena nimekaa. Unaomba msamaha. Shangazi, jina langu walilitaja mara nne. Ya kwanza niliisikia vizuri, hata nikashika mkoba. Ya pili nikauachia. Ya tatu nikakuuliza, "Halafu daktari akasema nini?" ingawa hadithi hiyo naijua tangu nina miaka mitano. Na ya nne, pale nilipopaliwa na chai nikakohoa mpaka ukanipiga mgongoni, sikuwa nimepaliwa. Kikombe kilikuwa kimekwisha zamani. Niliogopa usije ukasikia.

Kiroboto